Mutani Mwenye Hakutaka Kuchekwa

Mutoto yangu mwanamuke ni shefu wa kartier, mutaa yetu apa Dilala mu Kolwezi, na mi njo mama yake, ule mwenye kukaangaka mikate mbele ya nyumba. Kama ulishaka kupita mu avenyu yetu asubui, ulinisikia, juu mi sinyamazake. Bwana yangu, Mungu amulaze pema, alikuwaka anasema ata siku ya kilio yangu nitaamuka kidogo niulize nani alipika.

Nyumba ni ile ya zamani ya kampani, ya matofali, na biro ya shefu iko mu salon yetu. Meza moja, biti tatu, benchi ya benye kungojea, stampa, bendera ndogo. Mutu anatafuta karatasi ya kusema anaishi apa, anakuya. Batu babili banagombania mupaka ya parsele, kiwanja yabo, banakuya. Mwanamuke alipigwa na bwana yake, anakuya na damu yake bado ya moto. Byote binapita mbele ya mbabula, jiko yangu ya makala, na mi naona mbele ya shefu kuona.

Batu banafikiri kazi ya shefu ni kupiga stampa. Kazi ya shefu ni kupigwa yeye mwenyewe. Mutanisamehe kama nacheka nikieleza, njo vile niko. Mwaka ya kwanza tu, mujane moja alimukwangura uso toka jicho mpaka kidevu, kucha zote tano, juu shefu alimuambia atoke mu nyumba yake, itamuangukia. Tata moja, baba muzima, alikuya na mupanga pa mulango, anaupiga ku simenti unatoa cheche, anasema atakata kichwa ya shefu akiweke pa mupaka ya parsele yake, kila mutu aone ukuta unapita wapi. Mwengine, ata leo hatumujue, aliua imbwa yetu, akaitundika pa mulango ya lupango na matumbo inje. Na siku moja, niko nageuza mikate, tofali ikapita juu ya kichwa yangu, ikavunja dirisha, ikapiga shefu pa bega, akaanguka yeye na kiti. Nilitoka mbio na kijiko ya mafuta mu mukono, nikamufukuza ule mwenye kutupa mpaka ku kona, nikamukosa. Mi na ile miguu yangu. Batu balicheka juma muzima, na mi nilicheka nabo.

Nyuma ya ile tofali, komanda wa polisi akakuya na kaye yake ya kuandikia. Mutu munene, wa sauti ya chini, anakula mikate kama hajakulaka. Akaniambia yeye ana kazi ya kujua nani anaweza kumuua shefu na nani anasemaka tu, na kama mi naikalaka pa mulango siku yote, mi njo najua kupita polisi. Nilifurahi sana. Mi nilisoma paka mwaka ya pili, na apa komanda muzima anangojea maneno yangu na bike ya kuandika mu mukono.

Nikahesabu ku bidole. Wa kwanza, tata wa mupanga. Wa pili, mujane wa kucha, juu toka ile siku anapigaka telefone kila asubui kumutukana shefu, anamuambia atazaa majiwe. Wa tatu, ule wa imbwa, tukimujua. Komanda akaandika. Akaulizia tena juu ya mutu moja mwenye polisi yake alimuona anaingia-ingia kwetu, anatoka na bitu. Mi nikacheka mpaka mukate ukaungua.

"Ule umutoe, tata," nikamuambia. "Ule ni mutani yetu."

Akamutoa. Akapiga musitari juu ya jina, mbele ya macho yangu.

Sasa ngoja nieleze, juu bengine hamuna ile desturi. Shiye, ku upande ya bamama yetu, ni batu ba jamaa ya mvula. Kuko bengine, bo ni batu ba budongo. Mvula na budongo ni batani toka zamani ya bankambo, bababu na babibi yetu. Mutani anaweza kukutukana mbele ya bakwe yako. Anaweza kuingia mu jikoni akatoa sufuria ku moto akaenda nayo. Ukifwa, yeye njo anachimba kaburi yako, na pale pa kilio, batu banalia, yeye anakulalia pembeni, anasema musogee, uyu alikuwa na deni ya kulala na mi. Na hauna ruhusa ya kukasirika. Ukimukasirikia mutani, makosa ni yako, na bazee banaweza kukulipisha kuku.

Na uyu mwanaume, mbele ya kuwa mutani, alikuwa adui. Nyumba yake iko nyuma ya yetu, avenyu mbili. Alichimba shimo ndani ya nyumba, mu chumba ya kulala, kama bengi banafanyaka apa: unatoa kitanda, unavunja simenti, unashuka kutafuta mawe ya kobalti. Lakini yeye hakushuka tu, alienda na pembeni, mpaka chini ya nyumba ya jirani, na ule jirani ni mujane wetu wa kucha. Siku moja ukuta ya mujane ikaanguka, ikamuvunja muguu. Shefu akaleta bafundi na budongo, na polisi babili, bakajaza lile shimo. Ule mwanaume alipigana. Aliuma polisi moja mu shingo akatoa nyama, na bafundi bakamupiga na mapauro ya kuchotea budongo mpaka akalala mu matope ananyamaza. Mi niliona vile alikuwa anaangalia shefu. Hakuwa anaangalia polisi wala bafundi. Shefu tu.

Kisha mwezi hivi, akakuya kwetu na kuku chini ya kwapa, anacheka meno yote. Anasema aliulizia, akasikia shiye ni batu ba mvula, na yeye mama yake ni wa budongo, kule karibu na Kasaji. Kumbe tuligombana bure, batani habagombane. Mi nilimukumbatia. Hakuna mutu aliuliza mama yake ni nani. Tulikula ile kuku.

Toka pale alikuwa anakuya karibu kila siku. Anaingia mu biro mbele ya batu, anasema mama shefu, uko unanenepa, jeneza yako itakuwa ya bei. Batu banacheka. Anakamata kitu anaenda nacho: kitambaa ya kichwa, kisanuo na nywele zake ndani, kiatu moja, miwani ya kusomea, picha yake ya siku alipewa kazi. Siku moja akakuya na kamba ya nailoni. Akaomba shefu asimame, akamupima toka utosi mpaka kisigino, akafunga fundo pale kamba iliishia.

"Mama shefu, uko murefu," akasema. "Utatuchokesha na kuchimba."

Benye balikuwa banangojea karatasi balicheka mpaka benchi ikaanguka nabo. Mi nilitoa machozi. Nikamupa mikate mbili ya bure.

Mutoto yangu hakucheka. Jioni akaniambia, mama, ule mutu aliniuliza juu ya nini sipiti tena njia ya ku masomo ya batoto nikienda ku biro ya komini. Hakuna mutu nilimuambia nilibadilisha njia. Nikamujibu mutani njo vile, anajuaka mambo yako ili akucheke nayo. Akasema tu, mama, mi sipendi. Na mi, mudomo yangu hii, nikamukaripia. Nikamuambia makaratasi yamemufanya muzungu, kama anakasirikia mutani shiye bote tutapata haya, kesho yake amuchekee mbele ya batu nimuone. Na kesho yake alimuchekea. Nilimuona vile alivuta midomo. Ile kitu bado inanirudilia.

Sasa, butani iko na pande mbili. Ukinikamatia kitambaa, mi nitakuya kukamata sufuria. Tukihesabu, yeye alishakamata bitu mingi kwetu, na shiye hatujakamata ata kijiko kwake. Mi nikaona ni haya. Kama niliambia batu kisha kwamba nilikuwa na mashaka, nilibongopa. Sikuenda kule juu ya akili. Nilienda juu ya sufuria.

Ilikuwa siku ya ine ya juma, saa sita ya muchana. Polisi mwenye komanda alituwekea alinde biro alikuwa ameenda ku rapport, mukutano yabo, vile anaendaka kila siku ya ine. Nikazima mbabula, nikapita nyuma, nikabisha kwa ule mwanaume. Kimya. Nikasukuma mulango, ukafunguka. Nikaingia nacheka mi peke yangu, nawaza vile nitavaa sufuria pa kichwa nipite nayo mu avenyu nzima.

Mu salon hakukuwa kitu. Nikaingia mu chumba.

Pa ukuta palikuwa bitu yetu, moja-moja pa musumari yake. Kitambaa. Kiatu. Miwani. Kisanuo, na zile nywele alikuwa amezitoa akazifunga na uzi. Picha, lakini macho yake aliyatoboa. Chini yake ameandika na makala ya mbabula. Mi kusoma ni taabu, lakini siku za juma na saa nazijua. Siku ya kwanza, saa, njia. Siku ya pili, saa, njia. Soko, kanisa, komini. Ata siku ambayo tulienda kumuona mugonjwa, ilikuwa pale. Pa siku ya ine hapakuwa njia. Paliandikwa biro tu, na akazungusha duara mara mingi mpaka makala ikakata lipu.

Njo nikaangalia chini. Lile shimo alikuwa amelifungua tena. Shimo ya kobalti ni ya duara, mutu anashuka ndani kama mu kisima, muguu moja uku, muguu moja uku. Kartier yetu iko na matundu yale, mi nayajua. Hili halikuwa duara. Lilikuwa refu, limekatwa muzuri na pembe zake. Na pembeni, toka kichwa mpaka miguu ya shimo, alikuwa amelaza ile kamba ya nailoni. Fundo lilikuwa pale pale pa mwisho.

Nikageuka nitoke, yeye eko anaingia. Mukono ya kuume mupanga, umetoka kunolewa, bado uko na maji. Akaniangalia kama mutu anaangalia kuku ya jirani mu jikoni yake.

Mi bado nilikuwa na bupumbafu kidogo mu roho. Nikasema labda. Labda ni butani kubwa kupita zote. Kofia yake ilikuwa pa musumari karibu na mulango, nikaikamata, nikaivaa.

"Mutani, leo zamu yangu," nikamuambia. "Nakamata kofia, na sufuria uniletee wewe mwenyewe, mi ni mukubwa yako."

"Toa kofia," akasema.

"Ukuye uitoe."

Hakucheka. Ata jicho halikucheka. Njo pale nilijua yote, na nilijua nimechelewa.

Alinipiga na ubavu ya mupanga pa mudomo. Meno mawili ilitoka, nikayasikia pa ulimi kama mawe mu muchele. Nikamushika ku shati, nikauma mukono yake na meno yenye ilibakia, na niliuma kweli, nilisikia musuli inakatika. Akapiga kichwa yangu ku ukuta, mara tatu, ine, kisanuo cha mutoto yangu kikaanguka juu yangu. Kisha akanisukuma na muguu. Nilianguka mu lile shimo na mukono ya kushoto chini yangu, na ukavunjika. Ule mulio ni kama kukata muhogo mukavu. Akasimama juu. Akanirushia budongo na muguu, mara moja, mara mbili, mu macho.

"Ungojee," akasema. "Mutoto yako anakuya."

Na akaenda. Hakuwa anakimbia, nilisikia viatu vyake.

Mi nikapiga makelele. Weye mwenye unanisikiliza, haujasikia mutu anapiga makelele. Miaka yote ya kuita batu bakuye kununua mikate, nilikuwa najifunza juu ya ile siku.

Mwenye alisikia ni mujane. Alikuya na fimbo yake, ule muguu yenye ukuta ulivunja haikupona muzuri. Akaangalia ndani ya shimo. Akaniuliza kama mi njo mama ya shefu, kama hanijue. Akasema miaka mbili alikuwa analala anaomba Mungu siku moja aone mutu wa nyumba yetu mu shimo, na sasa anamuona, na hajui afanye nini na ile furaha. Nikamuambia, mama, anaenda kumuua. Akaangalia ukuta. Akaona bile bitu. Akalala na tumbo pa simenti, akanishushia fimbo, akanivuta, na nilimuumiza sana juu niko muzito, na alinitukana kila sentimetre ya kupanda.

Akatoa telefone yake akapigia shefu. Ikalia, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Njo nikakumbuka: komanda alisema ile namba ya matusi bayiweke mu zile zenye hazijibiwake. Na nani alimupa komanda ile namba? Ni mi, na bidole yangu ya kuhesabu. Telefone yangu nilikuwa nimeiacha pa mbabula.

Tukasimamisha moto, pikipiki ya kubeba batu, bamama babili nyuma ya shofere moja, mi na mukono unaning'inia na damu mu mudomo, mujane na fimbo yake mbele kama mukuki. Avenyu mbili tu. Niliona ni mbali kama kwenda Dilolo.

Batu balikuwa banatoka ku dirisha ya biro yetu, bengine na vipande ya vioo mu miguu. Ndani, mutoto yangu alikuwa nyuma ya meza, ameisimamisha kama ukuta, na ule mwanaume anakata meza. Hakuwa anasema kitu. Anakata tu, kama mutu wa kazi. Mupanga ya kwanza ilikuwa imeshampata pa mukono ya kuume, chini ya kiwiko, nyama imefunguka, na niliona mufupa, mweupe kama bukari ya unga. Bendera ilikuwa nyekundu yote.

Mujane hakusema hodi. Alimupiga na fimbo nyuma ya goti, akaanguka goti moja. Akamupiga pa bidole byenye bilishika mupanga, moja, mbili, tatu, kama mutu anatwanga, mpaka ukaanguka. Mutoto yangu akatupa meza juu yake. Na mi, mwenye mukono moja, nikafanya kile nilichoweza: nikaketi pa kichwa yake. Aliniuma pale pa kukalia, na mi sikutoka. Nilikuwa namupiga ngumi mu masikio na nalia na nacheka, byote pamoja.

Kisha batu bakaingia. Wa kwanza alikuwa ule tata wa mupanga wa siku zile, ule wa kwanza mu kaye. Bakamukokota mpaka inje. Bakamupiga na matofali, na biti, na viatu. Nilisikia mbavu zinavunjika. Taya yake ikatoka pa fasi yake. Mutu akaleta mupira ya zamani ya kamioni, mwengine mafuta ya essence mu chupa ya bia, bakamuvalisha mupira mu shingo. Na mi nitasema ukweli kwa maana nimezeeka: mi nilitaka bamuchome. Nilikuwa natafuta kibiriti mu kitenge yangu.

Mutoto yangu akatoka pa mulango. Ameshika ule mukono na mukono mwengine, damu inapita kati ya bidole, uso ni wa majivu. Kelele ikapunguka.

"Mutu wa kartier yangu hachomwi," akasema. "Ata uyu. Mutoe mupira."

Hakuna mutu alisogea. Akasema tena, polepole, akamuita ule tata wa mupanga na jina ya baba yake, akamuambia, tata, toa mupira. Na ule tata, mwenye aliahidi kukata kichwa yake, akainama akatoa mupira, analia kwa hasira. Kisha mutoto yangu akaanguka mbele ya mbabula yangu.

Ku lopitali bakamushona. Bidole mbili ya mukono ya kuume haifungike tena. Mi bakaniwekea plastere pa mukono. Komanda akakuya na ile kaye, akaketi pa kitanda kati yetu, hakukula kitu. Akafungua pale aliandika, akaniuliza, mama, tulikosa wapi. Mwanaume mukubwa, na anauliza kama mutoto wa masomo. Nikamuambia atoe ile ukurasa aipasue. Akakataa, akasema anataka aijue. Basi nikamuambia vile nilikuwa nimewaza usiku na muchana na maumivu yangu.

Bale benye banapiga makelele, kila moja anataka kitu. Ule anataka ukuta yake, ule anataka nyumba yake. Anakuya kutukana juu bado anangojea shefu amupe. Ule wa budongo, toka siku tulijaza shimo, hakuulizia tena shimo yake ata mara moja. Hakuomba karatasi. Hakuomba malipo. Alikuwa anataka tu kujua shefu anapita wapi, na aondoke na kitu cha mwili wake. Mi niliona ile yote mbele ya mbabula, nikaiita butani, juu alinichekesha. Komanda aliandika mingi. Akaniuliza kama aandike mujane kwa upande gani. Nikamuambia aandike tu namba yake ijibiwe.

Ku tribinali, ule mwanaume na taya yake imefungwa na waya, akasema alikuwa mutani na mambo yote ilikuwa butani ya kawaida, shimo pia, na kama juge hasadiki, amuulize ule mama muzee mwenyewe, alikuwa anacheka kila siku na kumupa mikate. Avoka yake, ule mwenye kumutetea, akanigeukia, akauliza kama ni kweli nilicheka.

Mutoto yangu alikuwa ananiangalia. Kama nasema hapana, batu mia mu kartier banajua nabongopa, na kisha hakuna neno yangu lingine linasadikiwa. Kama nasema ndiyo, labda anatoka kesho, anarudi avenyu mbili nyuma ya nyumba yetu.

"Nilicheka," nikasema. "Nilicheka kupita batu bote."

Avoka akaketi, amefurahi. Mi sikuketi. Nikauliza juge kama na yeye ana batani, akashangaa, akasema anabo, na batu mu salle ya tribinali bakacheka kidogo. Nikamuambia, basi tata juge, unajua. Mutani akikukamatia kitu, na wewe unamukamatia. Ukimutukana anacheka, ukimupiga anacheka, njo kazi yake. Uyu mi nilivaa kofia yake, kofia tu, na akanitoa meno haya. Nikafungua mudomo juge aone. Nikamuambia mutu mwenye kucheka bengine na hakubali kuchekwa, ule hana jamaa ya budongo wala ya mvula, ule anakupima tu.

Juge aliangalia mudomo yangu. Kisha akaandika. Bakamupa miaka mingi, na bakamupeleka mbali na Kolwezi, na siku bakamutoa mu salle alinipita karibu na nikatoa ulimi.

Mutoto yangu alirudi ku kazi. Nilimuomba aache, nilipiga magoti na magoti yangu inauma, akakataa. Anapiga stampa na mukono ya kushoto, inatoka upande. Mujane bado anapiga telefone kila asubui na bado anatukana, na shefu anajibu, anasikiliza yote, anasema asante mama.

Na mi nimesogeza mbabula yangu. Sasa iko pa mulango kabisa, mutu hawezi kuingia mu biro bila kunipita. Mwenye kuingia na kelele, namuambia apite, shefu eko. Mwenye kuingia na kicheko, ule namusimamisha. Jana asubui shofere moja wa moto, mugeni, akasimama mbele yangu, akaniambia, nkambo, ile mikate yako ni migumu kama matako yako, niingie nimuambie shefu afunge biashara. Nikainuka. Nikamupiga na kijiko ya mafuta pa paji ya uso, na nguvu, paa, mafuta ikashuka mpaka ku pua. Nikamuangalia mu macho na nikangojea.

Akapangusa mafuta na kidole, akakilamba, akacheka mpaka akashika tumbo, na akaniuliza kama naongeza chumvi.

Nikamusogezea kiti aingie.